Kazaliwa mdogo, akili yake je? Maswali na majibu

Mtu akijifungua kwetu, swali la mwanzo la wanaokuja na chupa ya uji wa pilipili manga ni moja: "Kilo ngapi?" Ikitajwa tatu na nusu, watu hushangilia. Ikitajwa mbili na robo, chumba hunyamaza kidogo, kisha mtu mzima mmoja husema, "Atakua tu, inshaallah." Na kweli wengi hukua. Lakini mama mwenyewe hubaki na swali jengine asiloliuliza mbele ya watu, akaja kuliuliza pembeni mlango ukishafungwa: na ubongo wake je, umekua? Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa sana na kina mama wa Pemba na Unguja kuhusu watoto waliobanwa kukua tumboni, pamoja na machache ya kina bibi na kina baba.

Nilitimiza miezi tisa, lakini mwanangu kazaliwa na kilo mbili na robo. Huyu ni njiti?

Si njiti, mwanangu. Njiti ni aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba. Huyo katoka mapema. Mwanao katoka kwa wakati wake, ila ukuaji wake ulirudi nyuma akiwa ndani. Ukiwalaza wawili hao juu ya mizani wanaweza kuwa na uzito mmoja, na ndiyo maana watu huwachanganya. Wapo pia waliobeba yote mawili, wamebanwa kukua na wametoka mapema. Hao ndio wanaohitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Mpaka unaotumika duniani ni kilo 2.5, chini ya hapo mtoto huitwa mwenye uzito pungufu. Lakini mizani peke yake haisemi kila kitu. Kuna mtoto mdogo kwa sababu mama na baba yake ni wadogo wa umbo, naye kakua sawasawa kama alivyoandikiwa. Kuna mwengine aliyekuwa afike kilo tatu na nusu akaishia mbili na nusu na ushei. Mizani inampitisha, kumbe alibanwa. Ili kuwatenganisha, uzito lazima usomwe pamoja na umri wa mimba. Ukiwapanga mstari watoto 100 waliozaliwa wiki ileile ya mimba, kuanzia mwepesi kabisa, madaktari huwatazama kwa jicho la pekee wale 10 wa mwanzo.

Hapo ndipo tarehe inapokuwa na thamani. Kina mama wengi huku huhesabu kwa mwezi mwandamo: "Mara ya mwisho kuziona siku zangu ilikuwa wiki moja baada ya Maulidi." Hesabu hiyo ni nzuri sana, usione haya kuitoa, muuguzi ataigeuza kwenye kalenda nyengine. Kisichofaa ni kukisia. Altrasaundi ikifanywa kabla ya wiki 24 husaidia kuujua umri wa mimba. Ukiisubiri mpaka miezi ya mwisho, ni vigumu kumjua nani mchanga kwa umri na nani kabanwa.

Ni kitu gani hicho kinachombana?

Mara nyingi ni kondo la nyuma. Sisi watu wa visiwani tunajua maana ya bandari: meli zikipungua Mkoani, bei ya unga hupanda mpaka Wete. Kondo ndiyo bandari ya mtoto. Oksijeni, sukari, madini, kila anachokihitaji hupitia hapo, na uchafu wake hutokea hapohapo.

Katika nusu ya kwanza ya mimba, mishipa midogo ya damu ya mji wa mimba hutakiwa itanuke ili damu ya mama ifike kwenye kondo kwa wingi. Kwa baadhi ya wanawake haitanuki inavyopaswa, na mwanamke mwenyewe hana habari wala hakufanya lolote kusababisha hayo. Baadaye huja mambo mawili ambayo mara nyingi hufuatana: presha ya mama hupanda na protini huonekana kwenye mkojo, ambayo ndiyo njia ya kuelekea kifafa cha mimba, na mtoto hupungukiwa.

Sababu nyengine zipo. Upungufu mkubwa wa damu kwa mama. Malaria, ambayo vijidudu vyake hujificha ndani ya kondo lenyewe. Imepungua sana Zanzibar, lakini haijaondoka, na mjamzito anayesafiri kwenda Bara asilale hata usiku mmoja bila ya chandarua. Kaswende na rubela. Kisukari cha muda mrefu, maradhi ya figo, sigara. Mapacha wanaogawana nafasi na riziki. Na mara chache tatizo liko kwenye maumbile ya mtoto mwenyewe, kondo halina kosa.

Kichwa chake kinaonekana kikubwa, mwili kama kijiti. Bibi yake anasema kina maji.

Bibi kaona vizuri, ila tafsiri ndiyo nyengine. Kichwa si kikubwa. Mwili ndio mdogo. Mwambie muuguzi akipime kwa utepe: mtoto aliyetimiza muda huwa na mzunguko wa kichwa wa sentimita 34 au 35 hivi. Kikiwa karibu na hapo ilhali tumbo limebonyea na mapaja yamekunjamana ngozi, basi mnachokiona ni alama ya kazi aliyoifanya mtoto mwenyewe akiwa tumboni.

Shehena ikipungua bandarini, mwili wa mtoto hubadilisha mgao. Mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo hutanuka, inayokwenda kwenye ini, figo, misuli na ngozi hujibana. Ubongo na moyo hupata kwanza, vilivyobaki husubiri. Daktari mwenye mashine ya altrasaundi ya kupima mwendo wa damu anaweza kuyaona mabadiliko haya mtoto akiwa bado ndani. Mimi kila nikilifikiria jambo hili husema Subhanallah: kiumbe ambaye hajavuta hata pumzi moja, na tayari anapigania akili yake.

Zamani madaktari waliamini kinga hii inatosha. Leo tunajua haitoshi. Ubongo unapata kwanza, ndiyo, lakini unapata kwanza katika kidogo. Na miezi mitatu ya mwisho ya mimba ndiyo miezi yake ya haraka. Katika mwezi wa sita wa mimba uso wa ubongo bado karibu ni laini. Ukifika mwezi wa tisa umeshajikunja mikunjo yote ile tunayoiona kwenye ubongo wa mbuzi buchani. Kila mkunjo ni nafasi ya seli zaidi. Wakati huohuo nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyengine huanza kuvikwa utando wa mafuta, mfano wa waya wa umeme unaovikwa mpira, ili habari zipite kwa kasi.

Mtoto akibanwa katika kipindi hicho, picha za mashine ya sumaku zilizopigwa baada ya kuzaliwa huonyesha kwamba, kwa wastani, ubongo wake ni mdogo kidogo, tabaka la juu nalo ni dogo zaidi, kile kisehemu cha ndani kinachoshughulika na kumbukumbu, hipokampasi, kimepungua, na uvikaji wa nyuzi umechelewa. Hayo hutokea hata kama kichwa kinaonekana cha kawaida.

Akibanwa mapema zaidi, tangu miezi ya mwanzo, kichwa nacho huwa kidogo sawa na mwili. Hapo bibi asiseme "alhamdulillahi, kajaaliwa umbo la kulingana." Mtoto wa namna hiyo achunguzwe zaidi, kwa sababu huenda kukawa na maambukizi au tatizo la maumbile.

Basi atakuwa mzito wa kufahamu skuli?

Sitakudanganya, na wala sitakutisha. Tafiti nyingi zilizowafuatilia watoto hawa mpaka umri wa skuli zinaonyesha kwamba, wakichukuliwa kwa jumla, wanapata alama za chini kidogo kuliko wenzao katika lugha, umakini, kushika mambo kichwani kwa muda mfupi, na kazi za mikono kama kuandika. Mtindio wa ubongo nao hutokea zaidi kwao kuliko kwa watoto wengine, ijapokuwa walio wengi hawaupati kabisa. Lakini wastani wa watoto elfu haukuambii habari ya mwanao mmoja. Wapo waliozaliwa na kilo mbili ambao leo wanawafundisha wenzao hesabu.

Mimi nikiulizwa kuhusu mtoto fulani, kwanza hutaka kujua mambo matatu. Alianza kubanwa lini? Kadiri ilivyoanza mapema, hasa kabla ya wiki 32, ndivyo uzito wa jambo unavyoongezeka. Alizaliwa kwa wakati au ni njiti pia? Na kichwa chake kinakua vipi katika mwaka wa kwanza? Kichwa kinachopanda vizuri kwenye chati ya kadi ni habari njema kuliko mashavu yaliyojaa.

Jambo la nne sioni haja ya kuuliza, kwa sababu nalijua: ubongo wake bado unajengwa. Siku anayozaliwa una karibu robo tu ya uzito utakaokuwa nao ukubwani. Akifika miaka miwili umeshafika kiasi cha asilimia 80. Kazi kubwa imebaki, na yote inafanyika nje, mikononi mwenu.

Ni kosa langu? Nilikuwa naingia baharini kwenye mwani mpaka mwezi wa nane.

La, dada yangu. Swali hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu aghlabu anayeliuliza keshalijibu mwenyewe usiku kucha. Kazi nzito ya kusimama na kubeba mizigo inaweza kuchangia kidogo, na mimi ningependa kila mwanamke anayebeba mafungu ya mwani uliolowa, au anayechambua karafuu mpaka usiku, apumzishwe miezi ya mwisho. Lakini kupumzishwa huko ni wajibu wa nyumba nzima. Huwezi kumwambia mtu "pumzika" halafu ukamwachia ndoo ya maji na kuni. Na mishipa ya kondo isiyotanuka haina uhusiano na adabu wala bidii ya mtu.

Kwa mimba ijayo, mweleze mkunga mapema sana kwamba mtoto aliyetangulia alizaliwa mdogo au kwamba ulipandwa na presha. Kwa baadhi ya wanawake wenye hatari kubwa, daktari huandika aspirini ya kiwango kidogo kuanzia wiki ya 12 hivi, nayo hupunguza uwezekano wa mambo hayo kujirudia. Si dawa ya kwenda kuinunua mwenyewe dukani.

Mkwe wangu ananikataza kula sana, mtoto asije akawa mkubwa nikashindwa kumzaa.

Mkwe anakuogopea kufa uzazini, na hofu yake haikutoka hewani. Ila dawa aliyoichagua siyo. Ukubwa wa nyonga hauzidi kwa kujinyima. Mtoto aliyepungukiwa chakula ndiye anayechoka haraka wakati wa uchungu, na ndiye anayezaliwa bila ya akiba. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Uholanzi ilipozuiliwa chakula wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wanawake waliokumbwa na njaa hiyo katika miezi ya mwisho ya mimba walizaa watoto wepesi, na athari kwa watoto waliokuwa tumboni zilionekana hata walipokuwa watu wazima.

Kula mara moja zaidi kwa siku kuliko ulivyozoea. Muhogo na wali havina ubaya, ila visiliwe vikavu: pawe na kunde, choroko au mbaazi, dagaa, samaki, kisamvu au mchicha, yai ukilipata, na tunda. Ukiona unatamani kula udongo, hiyo mara nyingi ni ishara ya upungufu wa damu, nenda ukapimwe.

Na Ramadhani?

Mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto wake ana ruhusa ya kufungua, na mambo ya kulipa atamuuliza shekhe wake. Mwenye presha, mwenye upungufu wa damu, au aliyekwisha kuambiwa mtoto wake hakui, namsihi aitumie ruhusa hiyo.

Sisi watu wa pwani tunakula samaki kila siku. Chumvi yenye madini joto ni ya nini?

Hata mimi niliamini hivyo. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwapima wanafunzi wa visiwa vyetu ukakuta upungufu wa madini joto, na Pemba hali ilikuwa mbaya kuliko Unguja. Bahari imetuzunguka, na hata hivyo madini hayo hayatufikii ya kutosha. Chumvi tunayoianika wenyewe kwa maji ya bahari haina madini joto yanayotosha mpaka iongezewe.

Nalisisitiza hili katika mazungumzo ya ubongo kwa sababu tezi ya shingo hutengeneza homoni kwa madini joto, na homoni hiyo ndiyo inayoongoza ujenzi wa ubongo wa mtoto tumboni. Katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama yake, kwani tezi yake haijaanza kazi. Anaweza kuzaliwa na uzito mzuri kabisa, na ubongo ukawa umepungukiwa. Basi chumvi ya nyumba yenye mjamzito iwe ile iliyoandikwa kuwa ina madini joto, iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua, na itiwe chunguni mwisho, si mwanzo wa kupika.

Vidonge vya damu vinanichafua tumbo. Naweza kuviacha?

Usiviache, badilisha saa. Vimeze usiku baada ya chakula chepesi, kwa maji au maji ya chungwa. Usivimeze kwa chai, maana chai huyazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kinyesi kuwa cheusi si ugonjwa. Na kama unatembea pekupeku shambani, kumbuka kwamba minyoo ya safura ilikuwa, kwa miaka mingi, mnyonyaji mkubwa wa damu ya watu wa Pemba. Dawa ya minyoo hutolewa kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza. Pia katika utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa wajawazito zaidi ya 8,000 wasiokuwa na virusi vya Ukimwi, ukachapishwa 2007, waliopewa vitamini za aina nyingi juu ya vidonge vya damu walizaa watoto wachache zaidi wa uzito pungufu. Kwa hiyo mkipewa vidonge vya mchanganyiko, vimezeni.

Kliniki wananipima tumbo kwa utepe wa fundi cherehani. Unaonyesha nini?

Unaonyesha mengi kuliko bei yake. Baada ya wiki 24 hivi, urefu wa tumbo kutoka mfupa wa chini mpaka juu ya mji wa mimba, kwa sentimita, hukaribiana na idadi ya wiki. Mwenye wiki 32 akipimwa akakutwa na 28, hapo pana jambo. Anatakiwa apelekwe altrasaundi. Kipimo kimoja hakitoshi kuonyesha mwendo, na ndiyo sababu ya kutakiwa kuhudhuria mara nane tangu Shirika la Afya Duniani lilipobadilisha ushauri wake 2016. Anayekuja mara ya kwanza mwezi wa saba tunampokea kwa mikono miwili, lakini hatuna cha kumlinganisha nacho.

Utepe wako wa pili unao mwenyewe, nao ni mtoto kucheza. Ukiona kapunguza kucheza kuliko ilivyo desturi yake, usisubiri asubuhi wala usisubiri mume arudi dago.

Keshazaliwa. Siku za mwanzo nimfanyie nini?

Mtoto huyu hana mafuta chini ya ngozi na ini lake halina akiba ya sukari. Ubongo wa mtoto mchanga hutumia zaidi ya nusu ya nguvu yote ya mwili wake. Akipoa, anachoma sukari ili ajipashe. Sukari ikishuka sana, ubongo unaweza kuumia kwa mara ya pili, na safari hii tungeweza kuzuia. Kwa hiyo joto na maziwa, tena mapema.

Asikoshwe haraka. Kitovu kisikatwe papo hapo. Wakunga husubiri angalau dakika moja, na damu inayoingia katika dakika hizo humpa akiba ya madini ya chuma kwa miezi. Anyonye ndani ya saa ya kwanza, na kisha kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Akilala kupita kiasi, mwamshe. Mtoto mdogo asiyelia si "mtulivu". Huenda hana nguvu ya kulia. Akishindwa kunyonya, kamua maziwa umnyweshe kwa kikombe, si kwa chupa. Ile dang'a ya njano, maziwa ya mwanzo, isikamuliwe ikamwagwa.

Na kanga zetu zina kazi hapa. Mvue, abaki na nepi, kofia na soksi. Mlaze kifuani, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura. Kisha mfunge kwa kanga imara, wewe uvae dera juu. Hii ndiyo huduma ya kangaruu. Ilianzia Bogotá, Kolombia, 1978, na inafaa kwa mtoto yeyote wa chini ya kilo 2.5, saa nane mpaka ishirini na nne kwa siku. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, ulionyesha 2021 kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila ya kusubiri mtoto atulie, kunapunguza vifo kwa robo. Baba anaweza kumbeba, hali kadhalika shangazi na bibi. Kifua cha baba nacho kina joto.

Nimnunulie dawa ya damu ya matone ili ubongo upate madini?

Usinunue, uliza. Na ninayo sababu ya kwetu hasa. Mtoto mwenye uzito pungufu huzaliwa na akiba ndogo ya madini ya chuma, na ubongo unayahitaji kweli. Utafiti uliofanyika Pemba kwa watoto 614 wa kabla ya skuli, ukachapishwa 2001, uliona kwamba waliopewa madini ya chuma waliendelea vizuri zaidi katika lugha. Lakini utafiti mwengine mkubwa, hapahapa Pemba, uliowahusisha watoto zaidi ya 24,000 wa mwezi 1 mpaka 35 na kuchapishwa 2006, ulilazimika kusimamisha utoaji wa madini hayo: waliopewa madini ya chuma na foliki asidi bila ya kupimwa walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kuugua sana mpaka kulazwa, au kufa. Wakati ule malaria ilikuwa nyingi. Waliokuwa na upungufu wenyewe ndio walioonekana kufaidika. Dunia nzima ilibadilisha fikra zake kwa sababu ya watoto wa kisiwa hiki. Kwa mtoto aliyezaliwa mdogo dawa ipo, ila kipimo huandikwa na daktari kwa uzito wake.

Mashangazi wanataka nimpe uji na maziwa ya kopo anenepe haraka.

Miezi sita maziwa yako tu. Mtoto aliyejifunza tumboni kuishi kwa kidogo, akijazwa kwa ghafla huweka mafuta, na anapokuwa mtu mzima yumo katika hatari kubwa zaidi ya kisukari na presha. Daktari David Barker wa Uingereza alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1980. Tunataka apande polepole kwenye chati, urefu na kichwa vikienda pamoja.

Tuko ndani ya arobaini, naye ni mdogo hivi. Kucheza naye kunasaidia nini?

Kunasaidia kuliko vitu vingi vinavyouzwa. Jamaika ni kisiwa kama sisi. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwachukua watoto 129 waliodumaa katika mji wa Kingston. Baadhi yao nyumba zao zikatembelewa mara moja kwa wiki kwa miaka miwili, mama akaonyeshwa namna ya kuzungumza na kucheza na mwanawe kwa vitu vya kujitengenezea. Miaka ishirini baadaye, waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa. Wale walidumaa baada ya kuzaliwa, sawa, lakini ubongo unaolishwa kwa maneno ni uleule.

Basi ndani ya arobaini hiyohiyo, mtazame machoni ukinyonyesha. Mwambie unachofanya: sasa tunavaa, sasa tunajipaka mafuta. Akigugumia, mjibu, kisha nyamaza ili naye apate zamu. Bibi na aimbe. Nyimbo za kubembelezea tulizorithi ni mafunzo ya lugha kamili, yana vina, yana marudio. Akianza kukaa, mpe kifuu, kijiko cha mti, chupa tupu yenye mbegu kubwa ndani iliyofungwa imara. Simu si mwenzake wa kuzungumza naye. Na wahudumu wa afya ya jamii wakipita kwenye shehia yenu, wafungulieni mlango hata kama hamna mgonjwa. Moja ya kazi zao ni hii.

Ila arobaini isizuie kliniki. Mzazi afunikwe, apelekwe, arudi.

Mimi ni baba yake. Nitajuaje kama kuna tatizo, nisije nikangoja mpaka skuli?

Swali zuri, na ningependa kina baba zaidi waliulize. Kwanza, katika siku za mwanzo, haya hayangojwi hata saa moja: kukataa ziwa, kuwa wa baridi au wa moto, kupumua kwa kasi au kubonyea kifua, kukakamaa au kushtukashtuka mwili, macho na viganja kuwa vya njano.

Baadaye angalia hatua. Akifika miezi miwili anatabasamu akitabasamiwa. Miezi minne anashika shingo. Miezi tisa anakaa bila ya kuegemezwa. Mwaka na nusu anatembea na ana maneno machache. Kama alikuwa njiti pia, toa wiki alizotangulia: aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati, akiwa na miezi sita mtazame kama wa miezi minne. Angalia vilevile kama anatumia mkono mmoja tu, kama miguu ni migumu ukimvisha nepi, kama hageuki akiitwa. Kimoja kikikupa wasiwasi, mlete. Mazoezi ya viungo yakianza akiwa na miezi sita huleta faida ambayo hayawezi kuileta akiwa na miaka sita.

Na ile kadi yenye uzito wake wa kuzaliwa na vipimo vya kichwa, itie kwenye mfuko wa plastiki, iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Akianza darasa la kwanza, mwonyeshe mwalimu wake siku ileile ya kwanza, umwambie: huyu alizaliwa mdogo, mkalishe mbele.